Sahani Isiyo na Virusi

Mwanamke mmoja alikuwa na chupa arobaini za dawa za mitishamba, na kazi yake katika maabara ilikuwa kutafuta ni ipi iwezayo kuua virusi. Jina lake Nakijwa. Chupa zilikuwa na namba tu, bila jina la mti wala la mganga aliyeileta, ili mkono wa mpimaji usipendelee. Lakini namba kumi na tisa kila mtu aliijua kwa harufu: ni gome ambalo mama yake Nakijwa aliwachemshia wagonjwa kule Upare kwa miaka thelathini.

Kila dawa aliipima kwa sahani mbili zenye seli hai. Ya kwanza aliitia virusi, kisha dawa. Ya pili aliitia dawa peke yake.

Mwenzake, Elifuraha, alimcheka. “Dada, kwenye hiyo ya pili unamtibu nani? Si unamwaga dawa bure!”

Nakijwa aliendelea kudondosha matone.

Siku ya tatu, katika sahani ya kwanza ya namba kumi na tisa, virusi vilikuwa vimekwisha. Elifuraha alipiga makofi, akatoka mbio kumwita mama yake Nakijwa, aliyekuja kusikia majibu na alikuwa akingoja nje tangu asubuhi. Nakijwa alitamani kulifunga daftari palepale. Akashusha pumzi, akaiinamia darubini, akaitazama sahani ya pili. Seli zote zilikuwa zimekufa, na humo hakikuwahi kuingia kirusi hata kimoja: ni dawa yenyewe iliyoziua.

Mama aliingia akitabasamu. “Imeua, mwanangu?”

“Imeua, mama. Imemuua na mwenye nyumba.”

Mama alisema polepole kwamba wapo aliowanywesha kikombe kizima, wakatapika mpaka wakalegea, naye akawaambia ndugu zao kuwa huo ni ugonjwa unaotoka. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kipande kingine cha gome, akakiweka mezani.

“Pima tena. Nusu yake. Ikikataa, nusu ya nusu.”

Nakijwa alibandika namba mpya, akachukua sahani mbili, akaanza upya.

Nanyi mnaokemea maovu ya watoto wenu kwa ukali, kisha mkalala mmeridhika kwamba yamekwisha: sahani ya pili mmeitazama lini?