Maji ya Papa kwenye Bustani ya Paani

Sogeleaneni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana hii ikishaanza hata mbu anaambiwa asubiri.

Palikuwa na ghorofa moja hapa mjini, refu hilo, mawingu yakitaka kupita yanapiga hodi. Lilijengwa na watu waliogombana na majani. Uwanja wote walimwaga zege. Kwenye kona, zege. Kwenye kona ya kona, zege. Jua likiwaka, kuku wa mlinzi alikuwa anataga yai limeshaiva, unatafuta chumvi tu. Na lifti? Lifti ilikufa siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa ndani. Wapo wanaosema mpaka leo bado yumo, anasubiri kupigiwa makofi.

Ghorofa ya sita, ya mwisho kabisa, aliishi Bi Sikitu. Mwanawe, dereva wa malori ya Tunduma, alimtoa Muheza kwenye michungwa yake akamleta hapo eti apumzike. Magoti ya bibi yalikuwa mabovu na ngazi za kushuka ni mia moja na nane. Alishuka mara moja tu. Kumrudisha juu, wakambeba na kiti chake kama bibi harusi aliyezimia. Tangu hapo, miaka mitatu, mguu wake haujagusa ardhi. Alikaa dirishani, mikono kwenye nondo, anatazama zege na zege linamtazama yeye.

"Mama, nikuletee nini?" mwanawe anamuuliza kwenye simu.

"Udongo."

"Udongo wa nini tena, mama?"

"Wa kukanyaga. Si ndiko naenda? Acha tuzoeane."

Sasa, kutoka mlangoni kwake kwenda paani ni ngazi kumi na mbili tu. Hizo magoti yangezimudu. Lakini kule juu kulikuwa na nini? Matangi ya maji, joto la kukaangia, na chumba kimoja kitupu chenye madirisha pande zote nne. Bibi akapanda mara moja, akaona zege jingine, akarudi kwenye nondo zake.

Humo ghorofani walikuwamo watu watatu wenye vipaji vyao.

Wa kwanza Mwinyikondo, kipaji chake mgongo. Huyu alipandisha friji mpaka ghorofa ya tano na mwenye friji yumo ndani anakula wali wa jana. Ila alikoishi yeye! Chini kabisa, chumba hakina dirisha, ukuta mmoja na pampu ya maji. Pampu inanguruma kutwa. Mkewe akienda kwao msibani anatoa pole kwa kupiga kelele, kazoea.

Wa pili Chausiku, kipaji chake mdomo. Chausiku akiongea na jiwe, jiwe linamtafutia kiti. Aliishi ghorofa ya tatu, watoto sita chumba kimoja, wanalala wamepangwa kama dagaa kwenye kopo. Mmoja akitaka kugeuka, inatolewa taarifa mapema.

Wa tatu Lusekelo, mtu wa Tukuyu, kipaji chake ulimi. Si wa kuongea, wa kuonjea. Anaonja udongo anakwambia paliota nini, nani alilima, na kama alikuwa amegombana na mkewe. Aliishi ghorofa ya nne na baba yake mgonjwa wa kifua. Dirisha lao moja lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu hivyo, ukipiga chafya inakurudia mwenyewe.

Siku moja Chausiku alimpelekea bibi maandazi. Akamkuta amejaza vumbi la kufagia kwenye kiatu kikuukuu cha mwanawe na kupanda punje tatu za mahindi.

"Bibi! Kiatuni?"

"Mguu hauna pa kwenda, mwanangu. Kiatu kiwe shamba."

Chausiku alishuka ngazi analia. Alipofika ghorofa ya tatu jengo zima lilishajua, na la jirani pia. Jioni ile watatu hao walikaa ngazini wakakubaliana: bustani ya wote, paani.

Mwinyikondo akabeba udongo. Magunia mia mbili, ngazi mia moja na ishirini, mgongoni. Jasho lake lilivyoshuka, wa ghorofa ya pili walidhani bomba limepasuka.

Chausiku akatafuta maji, maana ya bombani yalikuja Jumanne kwa Jumanne. Akagonga milango arobaini: maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage, yaweke kwenye ndoo nje ya mlango. Hata yule bwana wa ghorofa ya kwanza, asiyeitikia salamu tangu azaliwe, alitoa ndoo mbili.

Lusekelo akapanda. Mchicha, matembele, bamia, na mpapai mmoja katikati. Alifukia mbegu asubuhi. Kabla hajanawa mikono, mchicha ulikuwa unamchungulia.

Bi Sikitu akapanda ngazi zake kumi na mbili. Akavua kandambili, akakanyaga. Alisimama pale mpaka adhana ya magharibi, vidole vya miguu vinafukua udongo kama kuku.

Wiki ya tatu, bustani ikageuka manjano. Wiki ya nne ikafa.

"Chausiku!" watu wakang'aka. "Wewe na ndoo zako! Kuna mtu katia sabuni!"

Chausiku akarudi milango ile ile arobaini, safari hii kuomba radhi. Wengine walimfungulia, wengine walimtukana kupitia tundu la ufunguo.

Lusekelo akapiga goti, akachota udongo chini ya mpapai, akaonja. Akaonja tena. Halafu akainua macho taratibu, akamtazama Bi Sikitu.

Ilikuwa chumvi. Na ghorofa zima ni nyumba moja tu iliyopika papa mkavu kila siku ya Mungu. Bibi aliona si haki kila mtu achangie maji yeye akae tu. Kila alasiri, wenzake wakiwa kazini, alikuwa anapanda na sufuria yake, anamwagilia maji aliyolowekea papa. Kwa mkono wake, kwa mapenzi yake, huku anaubembeleza mpapai unywe.

Bibi akavuta kanga, akajifunika uso.

"Ni upepo wa bahari," Lusekelo akawaambia watu, anajifuta mdomo. "Unaleta chumvi."

Bahari yenyewe kutoka pale upande magari mawili. Lakini walimwamini. Mwinyikondo akashusha magunia yote mia mbili, akapandisha mengine mia mbili. Kwenye gunia la mia na sabini mgongo ulilia kama mlango wa zamani. Tangu siku hiyo anatembea ameinama kama mtu aliyedondosha sindano.

Na bibi? Akafunga mdomo. Alitaka kusema siku hiyo, akashindwa. Kesho yake ikawa ngumu zaidi.

Bustani ya pili, jamani! Bamia ndefu, ukiidondosha inafika chini kabla hujaiachia. Mapapai, lazima ukate ukiwa umefungwa kamba. Wenye jengo wakasikia, wakamtuma meneja wao, Bwana Mbwilo, na fomu.

"Nzuri sana," akasema. "Ila hatutaki kitu kisicho na mwenyewe. Nipeni jina moja. Huyo atahamia chumba hiki cha paani na familia yake, na ufunguo wa mlango wa kuja huku paani atakaa nao yeye. Ijumaa adhuhuri fomu ikiwa tupu, fundi anachomelea mlango."

"Majina matatu je?" bibi akauliza.

"Mstari ni mmoja, bibi."

"Basi niandike mimi."

"Bomba likipasuka, mwenye ufunguo anashuka kufunga koki kuu. Utashuka?"

Bibi akatazama magoti yake. Hayakumjibu.

Watatu wale walikaa ngazini tena, kila mmoja anakihitaji chumba, mpaka wakachoka. Mwishowe wakasema, bibi ndiye aamue.

Ijumaa asubuhi Mwinyikondo akaja, akaegemea mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Unasemaje?"

"MIMI SISEMI KITU!" Pampu hiyo, imeshamharibu na yeye. Akashusha sauti. "Nimekuja uuone mgongo, basi."

Akaja Chausiku, kitinda mimba kalala begani, shingo imepinda, kazoea kulala wima. Bibi akangoja maneno. Chausiku hakusema hata moja. Alikaa, akatazama ngazi za paani, akanyanyuka akaenda. Hapo ndipo bibi alipoogopa kweli.

Akaja Lusekelo.

"Bibi, usinipe kwa sababu ya ile siri," akasema. "Na usininyime kwa sababu yake."

Akashuka. Kikohozi cha baba yake kilisikika kikipanda ghorofa moja baada ya nyingine mpaka kwenye kiti cha bibi.

Sasa bibi yuko paani, miguu kwenye udongo, fomu mapajani. Akiandika mgongo, mgongo umevunjika kwa kosa lake. Akiandika mdomo, mdomo umetukanwa kwa kosa lake. Akiandika ulimi, mwenyewe ataona amelipia siri. Akisema ukweli kwanza, nani atakubali uamuzi wa aliyeua bustani? Na akiacha mstari mtupu, anarudi kwenye nondo na kiatu chake, safari hii mpaka mwisho.

Bwana Mbwilo anatazama saa. Fundi ameshavaa miwani yake myeusi, cheche ya kwanza imeruka.

Msiniulize mimi, mimi kazi yangu ilikuwa kuwapandisha mpaka hapa, na lifti mnajua ni mbovu. Wewe uliyekuwa unacheka sana pale kwenye mapapai, shika kalamu ya bibi. Je, ungeandika jina la nani?