Kapteni Kamugisha na Sauti ya Kulia

Asiyesikia la kiti cha kulia hulisikia la ardhi. Wanafunzi wa ufundi wa ndege walimsikia rubani mmoja akimwambia mwenzake maneno hayo ngazini, wakamuuliza mwalimu wao, Mzee Kitwana, yana maana gani. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, akavuta stuli, akawaambia chanzo chake ni hiki.

Shirika dogo la ndege lilinunua jeti yake ya kwanza, likatafuta rubani wa kuiongoza. Kazi ya kumchagua na kumfunza alipewa Kapteni Salha Mwinjaka, mwanamke mpole wa maneno na mkali wa kazi. Mwishowe walibaki waombaji wawili. Mmoja alikuwa Kapteni Gervas Kamugisha, mtu wa makamo mwenye saa elfu tisa angani. Wa pili, Tumsifu Mbise, alikuwa binti aliyepeleka watalii mbugani kwa ndege ndogo za pangaboi, na saa zake hazikufika elfu mbili.

Salha aliwapima katika mashine ya mazoezi, ile inayomfanya mtu aruke bila kuondoka chini. Tumsifu alikosea mara mbili. Kila alipokosolewa alishukuru, akauliza, akarudia. Kamugisha hakukosea hata kidogo. Ila msaidizi aliyeketi kulia kwake alipomkumbusha jambo, alimnyamazisha kwa kuinua kiganja.

Salha alikiona kiganja kile, wala hakukipenda. Lakini mkurugenzi alitaka jeti ianze kazi upesi. Tena Salha mwenyewe aliona haya kumfunza adabu mtu aliyeanza urubani wakati yeye angali anavaa sare za shule. Tabia itarekebika, alijiambia, uzoefu ndio adimu. Akaandika jina la Kamugisha.

Miezi miwili baadaye walifanya safari ya mwisho ya mafunzo, wakiwa na abiria hamsini na wanane, kwenda Nyakasanga, kiwanja cha kando ya ziwa. Kamugisha aliketi kushoto, mahali pa nahodha. Salha aliketi kulia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ndege ilikuwa inashuka kwa kasi mno.

"Kapteni, mwendo umezidi," Salha alisema. "Njia ya kutua imelowa. Tupae tena, tuzunguke."

"Usiwe na shaka, mama. Hapa nimetua mara zisizo na hesabu."

"Kapteni, tupae!"

Kamugisha akainua kiganja.

Salha alikuwa na haki ya kumnyang'anya usukani papo hapo. Mkono wake uliinuka, ukasita. Zile saa elfu tisa zilimtia uzito. Kufumba na kufumbua magurudumu yaligusa chini, na lami ilikuwa inakwisha. Breki zikateleza. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikavunja uzio, ikachomeka pua katika shamba la mihogo.

Abiria wote walitoka hai. Mhudumu mmoja alivunjika mkono. Kitwana huyu huyu, wakati ule fundi wa zamu kiwanjani, alipofika aliwakuta marubani wawili wamesimama topeni.

"Uliniambia," Kamugisha alisema.

"Nilikuambia."

"Mara mbili. Sikukusikia kwa kuwa uliketi kulia. Sasa nimeisikia ardhi."

"Hata mimi niliziba masikio," Salha akajibu. "Siku ya majaribio nilikiona kiganja chako, nikanyamaza."

Ndivyo alivyoandika katika taarifa yake pia: kosa la kwanza lilikuwa la aliyechagua. Alisimamishwa ukufunzi miezi sita. Kamugisha hakubeba abiria tena.

Salha aliporudishwa kazini, barua yake ya kwanza ilikwenda kwa Tumsifu. Mafunzo ya binti yule yalichukua karibu mwaka mzima, hata mkurugenzi akanung'unika.

"Saa za kuruka nitampa mimi," Salha alimjibu. "Sikio ningelitoa wapi?"

Kisha akamwomba Kamugisha aje awaeleze marubani, Tumsifu akiwa miongoni mwao, yaliyompata. Watu walidhani atakataa. Alikuja, akachora njia ya kutua ya Nyakasanga ubaoni, akasimulia bila kujitetea. Katikati ya maneno, Tumsifu alinyoosha mkono.

"Samahani, Kapteni. Urefu wa njia uliouandika sio. Umezidisha mita mia mbili."

Kamugisha alianza kuinua kiganja. Kikafika kifuani, kikashuka.

"Rudia, binti yangu," alisema, "nisikie vizuri."

Tumsifu akarudia. Kamugisha akafuta, akaandika upya, kisha akawageukia wote na kuwaambia yale maneno ambayo marubani wanaambiana hadi leo: asiyesikia la kiti cha kulia hulisikia la ardhi.