Orsola, Mjusi na Udongo Ulioteremka

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni. Na wewe unayepiga miayo, pisha wenye masikio.

Hapo zamani za kale, kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Sondrio, palikuwa na bonde refu lililobanwa na milima. Mlima wa upande huu uliota jua kutwa, wa upande ule ulishinda kivulini. Katikati alipita mto Adda, mwenye makelele, akienda zake ziwani Como.

Upande wa jua aliishi mjane, Orsola. Alirithi kipande cha shamba la mizabibu, juu mlimani, chembamba kama kitanda, udongo wake umezuiwa na ukuta wa mawe matupu, bila chokaa. Mvua ikinyesha, udongo huteremka. Orsola huupandisha kwa kikapu mgongoni, kama mama yake na bibi yake.

"Udongo huo wangu!" Adda humwambia kila mwaka. "Nitauteremsha!"

"Nitaupandisha!"

"Nitauteremsha!"

"Nitaupandisha!"

Mwaka mmoja Orsola akakasirika. Akakoroga chokaa, akaziba kila tundu la ukuta. Mjusi, mpangaji wa humo, akatoka mbio.

"Mama Orsola, umeniziba mlango! Na maji yatapita wapi?"

"Hayapiti. Hata tone!"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wako, lakini guu hilo litavunjika."

Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya kwanza ukuta ukanyamaza. Siku ya pili ukafura tumbo. Siku ya tatu, pwaa! Mawe, udongo, mizabibu, vyote chini ukingoni mwa mto. Ukabaki mzabibu mmoja, unaning'inia kwa mzizi mmoja. Ukikauka huo, shamba la bibi yake limekwisha. Orsola akalia, akalia sana. Kisha akafuta kamasi, akabeba kikapu mgongoni.

Akapandisha cha kwanza.

"Umechoka?" Adda akauliza.

"Bado."

Akapandisha cha pili.

"Umechoka?"

"Bado."

Akapandisha cha tatu.

"Mimi nina mvua, nina theluji ya milima yote," Adda akafoka. "Wewe una nini?"

"Nina mgongo."

Akafunika mzizi kwanza. Kisha akapandisha na mawe, akajenga ukuta, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa. Mjusi akakagua kila tundu.

"Hili dogo, mama. Mimi nina tumbo."

Orsola akalipanua bila kubisha, maana funzo lilikwisha kumwingia.

Mvua ziliporudi, maji yakachuruzika matunduni, meupe, udongo ukabaki. Adda akasubiri, akasubiri, akasubiri. Likamfikia tonge moja tu la udongo.

Orsola akateremka mlima mzima, akaliokota.

"Hata hilo?" Adda akashangaa. "Tonge moja?"

"Hata hilo," akasema, akaanza kupanda.

Hadithi yangu imeishia hapo, njiani mlimani. Aliyechoka na alale. Orsola bado anapanda.