Mwaka Daraja Lilipokatika

Mzee Mwakalobo, wa mji mmoja mdogo wa milimani, alikuwa na watoto wawili, Tusekile na mdogo wake Ambakisye, na alipofariki aliwaachia kazi moja: kuulisha mji. Juu ya mji kulikuwa na mlima wenye wakulima. Chini kulikuwa na mto, na ng'ambo yake nchi tambarare yenye viwanda vikubwa vya unga. Njia ya kufika huko ilikuwa daraja moja tu. Tusekile alirithi ghala na mashine ya kusaga iliyozungushwa na maji ya kijito. Ambakisye alirithi duka la sokoni.

Ambakisye hakuwa mtu mbaya. Alivuka daraja, akakuta unga mweupe, mwingi, wa bei nafuu kuliko uliosagwa nyumbani, akauleta kwa malori. Watu walifurahi, na maskini ndio walioshukuru zaidi. Wateja wa Tusekile wakapungua. Kufikia mwaka wa tatu walibaki kina mama waliotaka ulezi wa uji wa watoto, na shule mbili zilizonunua maharage. Ndugu yake akamshauri, tena kwa upendo, aiuze ile mashine ya baba yao kama chuma chakavu.

Mwaka huohuo wakulima wakaanza kuacha mahindi na kupanda miti ya mbao. Tusekile aliposikia, alipanda mlimani kwa miguu. Alimkuta Anyosisye, mkulima ambaye wenzake wote walichukua mbegu kwake, amekwisha panga miche ya mikaratusi kando ya shamba.

"Baba, utapanda miti shamba lote?" akamuuliza.

"Nifanyeje, mama? Mahindi yangu yanaliwa na fukusi. Watu wako wanakula unga wa ng'ambo."

Tusekile akatazama ile miche. "Panda, sikukatazi. Lakini niachie ekari moja ya chakula. Kila msimu nitakuja kununua, mji ukiwa na njaa au ukiwa umeshiba."

Aliyarudia maneno hayo nyumba kwa nyumba kwa siku nne. Wengi walimcheka. Kaya arobaini zilikubali, na Anyosisye alikuwa wa kwanza. Nao walipovuna, Tusekile alifika kama alivyosema. Alinunua mahindi, ulezi na maharage, akayakausha vizuri, akayachanganya na majivu ili fukusi wasiyaguse. Kila mwaka aliuza ya zamani na kuweka mapya. Kuna misimu aliyotembea na viatu vilivyoshonwa mara tatu, lakini hakuna msimu aliokosa kupanda mlimani.

Mwaka wa sita mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo. Asubuhi moja, watu wakitazama, mto ulilibeba daraja. Malori yakabaki upande wa pili. Mafundi walisema itachukua miezi mitatu. Siku ya tisa duka la Ambakisye likawa tupu. Dizeli nayo ikaisha, mashine nyingine zote za mji zikanyamaza, na kilichosikika kikizunguka ni kile chuma chakavu cha kijitoni.

Ambakisye alikwenda kwa dada yake, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, nimeshindwa. Watu wamejaa dukani kwangu na sina hata kilo moja ya kuwapa."

Alikuwa tayari kusemwa. Tusekile hakumsema. Alimkabidhi ufunguo wa ghala. "Kilichomo humu kitatufikisha wiki tatu," alimwambia. "Lakini mlimani kuna kaya arobaini ambazo hazikuacha kulima. Fungua duka lako, watu wamelizoea. Mimi nitasaga, wewe utagawa."

Wakafanya hivyo. Wabebaji walipanda mlimani kila siku wakashuka na mahindi, na baadaye magimbi na maharage mabichi. Mji haukushiba kama ulivyozoea, lakini hakuna jiko lililozimika, na hakuna mtoto aliyezikwa kwa njaa. Hata wale waliokuwa wamepanda miti shamba lote walishuka na vikapu vyao, wakapanga foleni pamoja na watu wa mjini.

Daraja lilipojengwa upya, malori yalirudi, na Ambakisye aliyapokea kwa furaha, maana hakuna ubaya wowote katika kununua kwa jirani. Ila alitenga nusu ya duka kwa chakula cha mlimani. Msimu wa mavuno ulipofika, yeye mwenyewe alipanda pamoja na dada yake, akapiga hodi kila nyumba, hata zile zilizomcheka Tusekile. Mwaka ule kaya zilizotenga ekari ya chakula zilikuwa mia moja na kumi. Mto umefurika mara mbili tangu hapo, na mji haujatetereka.

Ndugu zangu mnaonisikiliza, kwetu mvua ni nzuri na barabara zinapitika. Basi nawauliza: msimu huu, ni mkulima gani anashika jembe akiwa na hakika kwamba ninyi mtakwenda kununua?