Jina la Binti wa Oliva

Niazimeni masikio, nami nitawaachia kesi ya kuamua.

Palikuwa na mafundi watatu wa kompyuta, wanawake, wakifanya kazi chumba kimoja mjini Songea. Gaudensia alikuwa na jicho: kosa lijifiche litakavyo, atalifichua. Salha alikuwa na mkono: akiona tatizo, vidole vyake vimeshaanza kuandika dawa yake. Atupele alikuwa na shaka. Hakuamini kitu mpaka ajaribu kukivunja kwanza.

Walitunza mtambo uliounganisha zahanati za milimani na daktari bingwa mjini. Ndani yake mlikuwa na kadi ya mtandao isiyoshikika kwa mkono, iliyoundwa kwa programu tupu. Picha na sauti zote zilipitishwa na kiendeshi cha kadi hiyo, yaani programu inayoiongoza.

Asubuhi moja ya masika, Oliva Haule alishikwa na uchungu katika zahanati ya Mlowoka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daraja lilikuwa limesombwa na maji, gari la wagonjwa lisingefika. Muuguzi Kastori akawasha skrini, na kule mjini Daktari Nchimbi akaanza kumwelekeza.

Picha ikaganda. Mtambo ukazimwa, ukawashwa. Picha ikarudi, ikaganda tena.

Daktari akawapigia simu mafundi. "Wanangu, mtoto lazima ageuzwe, na siwezi kuongoza mikono nisiyoiona. Nipeni njia isiyokatika."

"Ni mvua tu hii," Salha alisema.

"Siyo mvua peke yake," Gaudensia akajibu. Alikaza macho kwenye kioo, akafuata mistari ya kiendeshi mmoja baada ya mwingine, akikataa hata kuitika alipoitwa. Hatimaye akagusa mahali. "Hapa. Kila kipande cha picha kinaazimiwa nafasi kwenye kumbukumbu. Kikifika salama, nafasi inarudishwa. Kikipotea njiani, hairudishwi. Kumbukumbu inajaa, mtambo unakwama."

"Nipishe," Salha akasema, akavuta kiti. Aliandika bila kuinua kichwa: kipande kifike, kipotee, nafasi irudi. "Tayari. Tuiweke!"

Atupele akasimama mbele ya mtambo. "Bado hatujaijaribu."

"Atupele, kuna mtu anakufa!"

"Ndiyo maana."

Akaipeleka kwenye kompyuta ya pembeni, akaimiminia picha na kuvipoteza vipande makusudi. Kompyuta ikazima puu. Kumbe nafasi ya kipande kilichochelewa, kilichodhaniwa kimepotea kisha kikafika, ilirudishwa mara mbili, wakati imeshapewa kipande kingine. Salha akauma mdomo, akaandika upya. Atupele akaipiga tena kwa nguvu zaidi. Safari hii haikutikisika. Wakaiweka kwenye mtambo.

Kule Mlowoka, Oliva alikuwa amemng'ang'ania Kastori mkono mpaka kucha zikaacha alama. Ghafla sura ya daktari ikatokea, ikatulia. "Weka kiganja hapo. Sukuma taratibu. Hivyo hivyo." Mtoto akageuka. Akazaliwa wa kike, akalia, na mafundi watatu wakamsikia kutoka Songea, wakakumbatiana wakilia nao.

Oliva alipopata nguvu, na kusimuliwa yote waliyofanya mafundi, akasema, "Nataka binti yangu awe somo wa aliyetuokoa. Jina moja tu. Kwetu jina la mtu halikatwi vipande."

"Basi ni Gaudensia," Kastori akasema. "Bila yeye, wangekuwa bado wanailaumu mvua."

"Kuliona shimo si kulifukia," daktari akapinga kwenye skrini. "Aliyelifukia ni Salha."

Mama mzazi wa Oliva, aliyekaa kando ya kitanda, akatikisa kichwa. "Alilifukia kwa udongo wa kutitia. Bila Atupele, mtambo ungezima mtoto akiwa nusu ya kugeuka."

"Lakini alituchelewesha, mama," Kastori akasema, "na Oliva alikuwa anaishiwa nguvu mikononi mwangu."

Oliva akamtazama mwanawe, akafungua kinywa, akashindwa kutaja.

Nanyi mliosikia yote, mwambieni: amwite Gaudensia, Salha, au Atupele? Je, wewe ungeamua vipi?