Majani ya Mkaratusi Shambani kwa Kabula

Soma mpaka mwisho, usiruke mstari. Hadithi hii wengi wameisimulia wakaivuruga. Mimi ninayo nzima. Ukimaliza, mtumie jirani unayepakana naye.

Mtemi mmoja aliweka sheria: mvua zikiisha, shamba litakalokutwa halina zao linachukuliwa, anapewa jirani mwenye zao.

Katika nchi hiyo aliishi mjane, Kabula. Shamba ndilo pekee aliloachiwa na mumewe. Jirani yake, Mihambo, alilitamani shamba hilo kama fisi anavyotamani mfupa.

Mihambo alijua jambo moja: chini ya mkaratusi mbegu haioti. Majani yake yakiloa hutoa dawa inayoingia udongoni na kuizuia mbegu isiamke. Wasomi wana jina lake refu. Ninalijua, ila nitakuchosha.

Basi Kabula alipokwenda msibani kwao, Mihambo akajaza magunia ya majani ya mkaratusi, akayatandaza shamba zima la mjane.

Kabula aliporudi alimkuta kasimama mpakani.

"Shemeji, majani haya ni wewe?"

"Ni mimi. Udongo wako ulikuwa unaungua jua. Jirani si ndugu?"

"Ahsante. Mungu akulipe kwa kipimo hichohicho."

Mihambo akajiona tayari ana mashamba mawili. Mashamba mawili yanataka majembe mawili, kwa hiyo akafunga safari kwenda mbali kuposa mke wa pili. Mtama wake akauacha bila kupalilia.

Alirudi siku ya ukaguzi, posa imekataliwa. Kwake magugu yalikuwa yameumeza mtama, hakuna hata suke moja. Kwa Kabula mihogo ilimfika mtemi kifuani, na chini yake hakuna gugu.

"Mbegu zimeotaje humu?" Mihambo akaropoka.

"Mbegu gani, shemeji? Mwaka huu sikupanda mtama, nilichomeka vijiti vya mihogo. Kijiti hakisubiri kuamshwa, kiko macho tayari. Wenye mbegu ni magugu, nayo dawa yako imeyalaza yote."

Mtemi alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akakata shauri palepale: shamba la Mihambo apewe Kabula.

Kabula akamgeukia jirani yake. "Usihame, shemeji. Kibarua cha kupalilia kipo, na shamba lenyewe unalijua."

Funzo: Ukitaka kumharibia jirani, uliza kwanza anapanda nini, ukishajua, rudi ukapalilie kwako.