Nibu Iliyokatwa Upande

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema, maana mwisho wa hadithi hii nitawapa kazi.

Pangani aliishi mjane, Bi Mwanaidi, na wanawe watatu, wote watu wazima. Mwanakombo alifanya kazi kwa sonara, na jicho lake lilitenganisha dhahabu na kilichochovywa dhahabu kabla hujamaliza kumwamkia. Hatibu alikuwa fundi saa mwenye mkono mwepesi na subira ya kuudhi. Nuru, kitindamimba, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa na marehemu baba yao, Maalim Shekue.

Maalim aliacha bati la kalamu kuukuu za wino, zote nyeusi, alizokuwa akizinunua ili apate vipuri. Moja kati ya hizo ndiyo aliyoandikia maisha yake yote, lakini ipi? Hakumruhusu mtu kuigusa, na majirani walimsema kuwa mchoyo. Bi Mwanaidi aliona haya kwa ajili yake, hata baada ya kumzika.

"Atakayenipatia kalamu ya baba yenu, ni yake," aliwaambia wanawe. "Zilizobaki zing'olewe nibu, zile ncha za dhahabu za kuandikia, zikayeyushwe, mjukuu wangu apate hereni."

Mwanakombo akazipeleka dukani. Nibu nyingi zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi tu. Chache zilikuwa dhahabu kweli, na moja kati ya hizo ncha yake ilikwenda upande. Sonara akaitupa kwenye chungu cha kuyeyushia. "Hii imepinda," alisema. Mwanakombo akaitoa kwa koleo, moto ukiwa tayari unawashwa. "Haikupinda, bwana. Imekatwa hivi makusudi." Kwa nini ikatwe hivyo, hakujua.

Nibu ikarudishwa kwenye kalamu yake, na Hatibu akaipokea ikiwa imekauka kabisa. Mpira wa ndani unaohifadhi wino ulikuwa umeoza, akatia mwingine. Wino mkavu akautoa kwa maji ya uvuguvugu, siku nzima, huku mama akimuuliza kama anapika pweza. Kalamu ikanywa wino. Alipojaribu kuandika jina lake, kutoka kushoto kwenda kulia kama shuleni, ikakwaruza karatasi. Kwa fundi yeyote dawa ni jiwe la kunolea: unaisugua ncha mpaka inyooke. Hatibu alilishika jiwe, kisha akaliweka chini. "Aliyeitumia hakuwa mjinga," alisema.

Nuru akaichukua, akaanza upande wa kulia wa karatasi. Kalamu haikukwaruza. Wino ulitoka mnene ukishuka na mwembamba ukipita, na kwenye mkia wa herufi ya mwisho Bi Mwanaidi akauona mwandiko wa mumewe. Alilia bila kujificha. Sasa alielewa: nibu ile ilikatwa kwa ajili ya mkono uendao kushoto, na mtu mwingine angeishika angeiharibu. Mumewe hakuwa mchoyo.

Alipotulia, wanawe walikuwa bado wamekaa mbele yake.

"Mama, ningenyamaza, sasa hivi ingekuwa hereni," alisema Mwanakombo.

"Na isiyonywa wino ni kijiti tu," alisema Hatibu. "Jiwe nilikuwa nalo mkononi, mama. Mimi ndiye niliyejizuia."

Nuru alisema kwa sauti ya chini, "Nyie mlijua ni kitu cha thamani. Mimi nilijua ni cha nani."

Bi Mwanaidi aliwatazama mmoja mmoja. Akimpa Nuru, kalamu itaandika, lakini waliomwezesha kuishika watatoka mikono mitupu. Akimpa mwingine, itakaa kabatini mpaka wino uigandie tena. Na wote aliwazaa yeye.

Msiniambie waigawane, haigawanyiki. Wala msiseme mama aibakishe, kwani ameshaahidi na wote watatu walimsikia. Kalamu iko kwenye kiganja chake, na hakuna hata mmoja aliyeinyooshea mkono, kila mmoja akimngoja mama aamue. Haya, nimemaliza yangu. Wewe ungeiweka mkononi mwa nani, na wale wawili ungewaambia nini?